Frigo za Chanjo Masisi na Walikale: Historia ya Matunzo

Masisi na Walikale ni teritware mbili zinazopakana katika Kivu ya Kaskazini, lakini anayeshuka kutoka vilima vya Masisi kuingia misitu ya Walikale hubadilisha hali ya hewa kabisa. Malisho ya Masisi yanapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku watu hujifunika blanketi nzito. Walikale-centre iko karibu mita 700, ndani ya joto na unyevu wa msitu. Kwa hesabu ya kawaida ya milima, tofauti ya joto kati ya sehemu hizo mbili hufika nyuzi tisa au kumi. Mtu angedhani basi kwamba kazi ya kuhifadhi dawa zinazoharibiwa na joto imekuwa nyepesi Masisi na ngumu Walikale. Haikuwa hivyo. Chanjo zimeharibika kote kuwili, huku kwa joto, kule kwa kuganda. Nadai kwamba kilichoamua hatima ya chanjo hizo hakikuwa hali ya hewa, wala aina ya mashine iliyoletwa, bali matunzo: nani aliamka asubuhi kuitazama frigo, alilipwa na nani, na ilipokataa kufanya kazi alimwita fundi gani. Mashine zenyewe zimebadilika mara mbili ndani ya miaka 50 hivi. Swali la mtunzaji liliachwa palepale kila mara.

Tuanze na bidhaa iliyolikwepa swali la frigo: maziwa. Wakati wa Wabelgiji, vilima vya Masisi viligawanywa kuwa mashamba ya Wazungu, na kati ya 1937 na 1955 utawala wa kikoloni ulileta maelfu ya watu kutoka Rwanda kupitia mpango ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda, wengi wao wakapangiwa kuishi Gishari. Mwaka 1954 watawa Watrapisti wa Scourmont, abasia ya Ubelgiji inayojulikana kwa jibini na bia ya Chimay, walianzisha monasteri ya Mokoto. Katika miongo iliyofuata, mikononi mwa mapadri na wafugaji, ukashika mizizi utengenezaji wa jibini ya mtindo wa gouda, ile inayouzwa leo Goma kwa jina la fromaji ya Masisi. Mwaka 1973 Rais Mobutu alipotangaza kuhamishia mali za wageni mikononi mwa Wazaire, mashamba mengi yaliangukia watu waliokuwa karibu na mamlaka. Vita vya miaka ya 1990 vilimaliza sehemu kubwa ya ng'ombe. Fromaji ilinusurika yote hayo, na sababu iko katika namna inavyotengenezwa. Maziwa hupashwa moto kwa kuni, hutiwa dawa ya kugandisha, huminywa ndani ya kalibu, huzamishwa kwenye maji ya chumvi, kisha hupangwa juu ya mbao katika chumba chenye kivuli na kugeuzwa mara kwa mara kwa wiki kadhaa. Baada ya hapo inaweza kuteremka Sake na Goma kwa pikipiki au kwa baiskeli ya mbao iitwayo chukudu, ikapanda boti za ziwa Kivu hadi Bukavu, au ndege hadi Kinshasa, bila kipande kimoja cha barafu.

Atakayesema kwamba hiyo ni zawadi ya baridi ya mlima ana haki kwa nusu, maana chumba kama hicho kingekuwa jiko pale Walikale. Lakini baridi ya mlima haigeuzi jibini. Inageuzwa na mtu anayejua kwamba ikiota ukungu mbaya, hasara ni yake. Kila kipande cha fromaji kina mwenyewe tangu maziwa yake yanapokamuliwa hadi kinapouzwa. Ndiyo maana ufundi huu umedumu hata pale ambapo hapakuwa na serikali, barabara wala umeme. Chupa ya chanjo haina mwenyewe wa namna hiyo, na tofauti hii inaeleza mengi kuliko hali ya hewa.

Chanjo ya kwanza kufika kila kijiji nayo ilikuwa haihitaji frigo. Kampeni dhidi ya ndui ilitumia chanjo iliyokaushwa kwa baridi kali, mbinu iliyokamilishwa katika taasisi ya Lister, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Unga huo uliweza kustahimili joto la nyuzi 37 kwa mwezi mzima ukiwa bado na nguvu. Mchanjaji aliweza kuubeba ndani ya mfuko wa kawaida, akatembea siku kadhaa msituni, na kuuchanganya na maji yake papo hapo mbele ya watu. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa baadaye mwaka huo, ilimwona mgonjwa wake wa mwisho wa ndui mwaka 1971, katika nchi iliyokuwa imetoka vitani miaka michache tu nyuma. Ushindi huo ni mkubwa na nauheshimu, ila ulificha jambo: ugonjwa ulifutwa bila kuacha nyuma mtandao wa frigo, wala mafundi, wala desturi ya kuzitunza. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango mpana wa chanjo mwaka 1974, na Zaire ilipoufuata kabla ya muongo huo kwisha, chanjo za surua, polio, pepopunda, kifaduro na dondakoo zilidai kitu kipya: nyuzi 2 hadi 8, usiku na mchana, kutoka kiwandani hadi mkononi mwa mtoto. Miaka ya 1980 nchi iligawanywa kuwa zoni za afya, na kila zoni ikatakiwa kuwa na baridi yake, hata mahali ambapo nyaya za umeme hazijafika hadi leo.

Mashine iliyoletwa ilikuwa frigo ya mafuta ya taa. Asili yake ni Stockholm, ambako mwaka 1922 wanafunzi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni frigo isiyo na mota. Kampuni ya Electrolux ikaanza kuiuza katikati ya muongo huo. Ndani ya mabomba yake yaliyozibwa kuna amonia, maji na hidrojeni. Mwali mdogo chini ya frigo huchemsha mchanganyiko, mvuke wa amonia hupanda na kutenganishwa na maji, hupoa nyuma ya kabati na kuwa kimiminika, kisha huingia sehemu yenye hidrojeni na kuvukiza humo, na katika kuvukiza hunyonya joto la chumba cha chanjo. Baadaye maji huipokea tena amonia na safari huanza upya. Hakuna kinachozunguka, hakuna kinachopiga kelele. Kwa sababu hiyo ilisifiwa kama mashine isiyohitaji fundi, na hapo ndipo palipotokea kosa la kwanza la historia hii. Mashine isiyo na mota bado ina utambi.

Anayeijua frigo hiyo anajua kwamba kazi yake haiishi. Utambi hukatwa ukingo wake sawasawa, la sivyo mwali unapanda upande mmoja. Mwali lazima uwe wa buluu. Ukiwa wa njano, unatoa masizi, masizi yanaziba dohani, joto halipandi inavyotakiwa, na chumba kinapata uvuguvugu huku moto unaonekana unawaka. Mafuta yakiwa na maji au taka, kichomeo kinakohoa na kuzima usiku bila mtu kujua. Kabati lenyewe lazima lisimame wima kabisa, maana amonia hurudi kwa kuteremka, na likiinama kidogo kimiminika kinakwama kwenye kona ya bomba. Kwenye sakafu ya udongo ya vituo vingi vya afya, jambo hilo peke yake lilitosha kuiua frigo nzima. Muuguzi aliyeona chumba hakipoi aliongeza mwali, ilhali dawa ilikuwa kuweka kipande cha ubao chini ya mguu mmoja. Frigo ilitumia takriban lita moja ya mafuta kwa siku, kwa hiyo pipa la lita 200 lilifika miezi sita au saba, ikiwa halikuchotwa kwa ajili ya taa ya chumba cha kujifungulia. Na lilichotwa, ni nani atakayemlaumu mkunga kwa hilo?

Tena, nyingi kati ya frigo hizi hazikuwa na kidhibiti joto cha kutegemewa. Joto la chumba lilifuata urefu wa mwali, na mwali ulifuata mkono wa mtu. Hapa Masisi na Walikale zinaachana. Walikale, adhuhuri ya kiangazi kifupi ilidai mwali upandishwe, na hatari ilikuwa chanjo ya polio na ya surua kufa kwa joto. Masisi, usiku unaposhuka ubaridi wa mlima, mwali uleule ulioachwa tangu mchana uliteremsha chumba chini ya sifuri. Chanjo za pepopunda na kifaduro haziogopi joto la saa chache kama zinavyoogopa kuganda. Zikiganda, chembechembe za alumini zilizomo hukusanyika, na nguvu ya chanjo hupotea bila kurudi hata barafu ikiyeyuka. Chupa inaonekana nzima. Kuna namna ya kuijua: hutikiswa pamoja na nyingine ya toleo hilohilo iliyogandishwa kwa makusudi, zote mbili huachwa mezani, na hutazamwa ipi inatulia upesi na kuacha maji maangavu juu na mashapo mazito chini. Kipimo hicho kinataka nusu saa na jicho tulivu. Mwaka 1996 chupa za chanjo ya polio zilianza kubandikwa alama ya duara yenye mraba ndani yake, ambao hugeuka mweusi kadiri joto linavyoipata chupa, na baadaye alama hiyo ikaenea kwenye chanjo nyingine. Ni msaada mkubwa kwa Walikale. Kwa Masisi ni nusu ya msaada, kwa kuwa haitoi habari yoyote ya kuganda. Mahali palipodhaniwa kuwa salama kwa sababu ya ubaridi wake palikuwa na hatari ambayo chupa yenyewe haikuweza kuitangaza.

Kazi hiyo yote ilihitaji mtu na pesa. Kwa muda fulani vilikuwepo. Misheni zilikuwa na maghala na mafundi wao. Katika misitu ya Maniema na Kivu, kampuni za bati za wakati wa ukoloni, zilizounganishwa mwaka 1976 kuwa SOMINKI, ziliendesha karakana, barabara na hospitali za wafanyakazi. Sizisifu kampuni hizo. Hospitali zao zilikuwepo ili mchimbaji arudi shimoni. Lakini palipo na karakana pana mtu anayejua kuchomelea bomba na kuagiza utambi. Bei ya bati ilianguka mwezi wa Oktoba 1985, na SOMINKI ikadhoofika hadi ilipotoweka mwaka 1997. Mishahara ya serikali ilikuwa imekwisha kuwa karatasi mapema zaidi, na uporaji wa 1991 na wa 1993 mijini ulimaliza akiba iliyobaki. Tangu hapo kituo cha afya kiliishi kwa ada za wagonjwa. Tazama sasa hesabu ya muuguzi mkuu wa kituo: ada ya malaria inanunua dawa, ada ya kuzalisha inalipa posho, lakini chanjo ni bure, na ni haki iwe bure. Frigo ikawa chombo pekee kituoni kinachochoma pesa kila siku bila kuingiza hata faranga moja. Mtu anayeihudumia katika hali hiyo anafanya kwa moyo wake tu, na tunajua wengi walifanya hivyo kwa miaka. Mpango wa taifa hauwezi kujengwa juu ya moyo wa mtu mmoja mmoja.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hii ni vita. Machi 1993 mauaji yalianzia sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Mei 1996 waliokimbilia monasteri ya Mokoto waliuawa humo humo, na watawa wakalazimika kuondoka. Baadaye yakafuata makundi ya silaha yasiyohesabika, vituo vya afya kuporwa, watu kuhama na kuhama tena. Je, si dhihaka kuzungumzia utambi katikati ya hayo? Naona kinyume chake. Frigo chache zilivunjwa kwa risasi ukizilinganisha na zile zilizonyamaza kwa sababu muuguzi alikimbia, mafuta hayakupita kizuizi cha barabarani, au mtu aliyefundishwa kazi alihamia Goma na hakuna aliyefundishwa baada yake. Vita huiua frigo kwa kukata matunzo yake. Na upo ushahidi wa pili, mgumu zaidi. Baada ya kasiterite, yaani madini ya bati, kugunduliwa Bisie, Walikale, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndege ndogo zilitua kwenye barabara ya lami huko Kilambo, katikati ya vita vilevile, zikileta bia, mafuta na vyakula na kuondoka na mawe ya bati kwenda Goma. Ndege hizo zilitengenezwa zilipoharibika, na tairi zao zilibadilishwa. Barabara iliyokatika kwa chanjo haikukatika kwa bidhaa yenye mwenyewe. Sisemi vita ni jambo dogo. Nasema vilichagua, na vilipita kirahisi zaidi pale ambapo hapakuwa na mlipaji.

Pingamizi la pili ni la wahandisi, na linasema kwamba tatizo lilikuwa mashine mbaya, nayo imekwisha kubadilishwa. Frigo za jua zenye betri zilianza kuingia Zaire miaka ya 1980 zikiahidi kumaliza adha ya mafuta. Ziliimaliza kweli, zikaleta adha ya betri. Betri ya risasi na asidi hudumu miaka michache, inahitaji maji yaliyokenekwa, na ikishushwa nguvu mara nyingi hufa mapema. Katika kijiji kisicho na umeme betri ndiyo chanzo pekee cha umeme wa taa na redio, kwa hiyo kila mtu anaitamani, na bei ya kununua nyingine inazidi mapato ya kituo ya miezi mingi. Paneli zilibaki juu ya bati zikiwa nzima kabisa, na chini yake kabati likatumika kuhifadhia madaftari. Kuanzia karibu 2010 ilikuja aina nyingine inayoachana na betri: jua la mchana hugandisha maji yaliyomo ndani ya kuta zake, na barafu hiyo hulinda chanjo usiku na siku za mawingu, kwa kanuni si chini ya siku tatu. Huu ni uvumbuzi mzuri sana, labda bora kuliko wote uliotangulia, na Kongo imepokea maelfu ya frigo hizo kwa msaada wa Gavi na UNICEF.

Je, hapo matunzo yamekwisha? Yamepungua, na hilo lastahili kukubaliwa bila kinyongo. Muuguzi hahitaji tena kuamka usiku kushusha mwali. Lakini Walikale mti wa mwavuli hukua mita kadhaa kwa mwaka, na kivuli cha tawi moja juu ya paneli kinatosha kupunguza nguvu ya umeme kuliko inavyodhaniwa, hasa katika nchi ambayo mvua hunyesha karibu miezi yote. Kuvu na majani hushika kwenye kioo. Masisi, ukungu wa asubuhi hufupisha siku ya jua, na paneli iliyoelekezwa vibaya haipati tena saa ilizopoteza. Nyaya huliwa na panya, kamba za nguzo hulegea kwa upepo. Kila moja ya kasoro hizi ni ndogo, inaweza kuondolewa na mtu mwenye panga, kitambaa na bisibisi, lakini lazima awepo na ajue kwamba ni kazi yake. Na ikiharibika pampu ya gesi iliyofungiwa ndani, hakuna muuguzi anayeweza kufanya lolote. Mashine mpya imehamisha ujuzi kutoka kituoni kwenda kwa fundi wa mbali. Kama fundi huyo hana mshahara, pikipiki wala vipuri, frigo itakaa kimya kwa muda mrefu kuliko ile ya utambi, ambayo angalau mtu wa kijijini aliweza kuijaribu.

Kwamba matunzo hayo yanawezekana Kivu ya Kaskazini si nadharia. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulileta chanjo iliyotakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Agosti 2019 ugonjwa ulithibitishwa pia katika zoni ya afya ya Pinga, teritware ya Walikale, mahali ambapo kufika kwenyewe ni kazi. Chanjo ilifika. Jenereta zilikuwa na mafuta, friza maalumu zilikuwa na walinzi wa zamu, na masanduku yenye kuta za kuzuia joto yalibeba chupa kwa siku kadhaa nje ya mji. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, zaidi ya watu 300,000 walikuwa wamechanjwa, na waliofariki walikuwa 2,287. Katika kipindi hichohicho surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano, kwa ugonjwa ambao chanjo yake inaridhika na nyuzi 8. Vifo hivyo havikusababishwa na frigo peke yake. Upungufu wa chanjo na umbali wa vijiji vilichangia sana. Hata hivyo ni vigumu kukaa mbele ya namba hizo mbili na kuendelea kusema kwamba baridi haiwezekani huku kwetu. Baridi ngumu zaidi duniani iliwezekana ilipokuwa na bajeti ya mafuta, ya fundi na ya mlinzi. Baridi rahisi ilikosa hizo.

Wapo wanaotaraji kwamba sayansi itaturudisha kwenye hali ya ndui, tupate chanjo zisizohitaji frigo. Matumaini hayo yana msingi: tangu 2012 chanjo ya homa ya uti wa mgongo iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika inaruhusiwa kukaa nje ya baridi hadi siku nne, joto lisipozidi nyuzi 40. Nakubali njia hiyo iharakishwe. Lakini chanjo mpya nyingi zimekwenda upande wa pili. Ile ya mpox, ambayo utoaji wake ulianzia Goma tarehe 5 Oktoba 2024, huhifadhiwa ikiwa imegandishwa kabla ya kupelekwa kwa watu.

Wakati huu hesabu ya frigo ina tarehe yake. Aina ya jua isiyo na betri hukadiriwa kudumu miaka 10 hivi, na zile zilizofungwa kati ya 2016 na 2020 zinaingia umri ambao pampu na vidhibiti huanza kuchoka. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025 mji ulipotwaliwa na waasi wa M23, na Machi mwaka huohuo mapigano yalifika Walikale-centre. Vipuri vilivyotoka Kinshasa vilipoteza njia yao fupi. Atakayepanga msaada ujao kwa zoni za Masisi, Mweso, Kirotshe, Katoyi, Pinga, Kibua, Itebero na Walikale atakuwa na orodha ya mashine mezani kwake, kwa sababu mashine huhesabika na hupigwa picha. Aweke kwenye orodha hiyohiyo mafundi wawili kwa kila zoni, wenye makazi humo humo, wenye mshahara unaolipwa na mfuko usiotegemea ada ya mgonjwa, pamoja na sanduku la vipuri linalokaa kwenye ofisi kuu ya zoni badala ya Goma.